Majivu kwenye Paneli ya Zahanati

Jumanne, Oktoba 1997

Nilisugua kwa majivu, kama tunavyosugua sufuria. Nilitaka paneli ya umeme wa jua ing'ae ili taa ya chumba cha kuzalishia iwake vizuri. Ufa wa pembeni niliuona, nikadhani si kitu.

Leo mwalimu wa fizikia amekuja kuitazama. Kuanzia kwenye ufa, ule utando mwembamba wa kuzalisha umeme ulio chini ya kioo unabanduka.

"Majivu yana potasiamu na sodiamu," alisema. "Sodiamu kidogo, ikiwekwa kiwandani, husaidia tando za aina nyingine. Hii yako imeingia na maji. Inaula utando."

"Nikiiosha kwa maji ya mvua, mwalimu?"

"Utaongeza maji tu, binti."

Shangazi, ambaye ndiye mkunga wetu, akanitania: "Basi wewe ndiye utanishikia kibatari!" Wakacheka. Mimi sikuweza.

Nimejifunza kemia miaka mitatu, na sijui namna ya kukitoa nilichokiingiza. Taa bado inawaka, lakini ni hafifu kuliko jana.

Mama Sayi, jirani yetu, anatarajia kujifungua wiki hii. Nimemwomba Mungu mtoto aje mchana.