Mgongo wa Bibi Harusi

Faiza, shoga yangu, uko wapi? Dalal kaaibika. Wallahi kaaibika!

Leo si ndiyo siku yake ya kusingwa? Somo wake anayemfunda, Bi Hamda, kamteremsha kanga amsugue singo, ule mchanganyiko wa manukato, mgongoni. Kusugua mara moja tu, Dalal kapiga ukelele, ngozi ikambanduka!

Mgongo mwekundu, malengelenge matupu. Na mistari miwili myeupe ya mikanda ya nguo ya kuogelea. Ya kuogelea, Faiza!

Bi Hamda kauliza, "Mwari yuko ndani wiki nzima. Jua hili limemuunguzia wapi?"

Mama yake kashika ukuta. Dalal kajiziba uso kwa viganja.

Na shangazi wa bwana harusi yupo pale pale, anaona! (Bwana harusi mwenyewe bado yuko Maskati.) Basi yeye ndiye aliyenyanyuka. Kamwosha singo yote kwa maji ya baridi, taratibu, kamfunika kanga mbichi. Mama yake Dalal kaja mbio na mafuta ya nazi, shangazi kamzuia: "Mafuta yanafungia moto ndani. Na malengelenge msiyatumbue. Mpeni maji anywe."

Dalal kashusha pumzi. Kadhani kasitirika.

Bi Hamda kamsifu shangazi, "Umejifunzia wapi haya, bibiye?"

Kajibu hivi hivi, bila ya kufikiri: "Si Turki, mdogo wake bwana harusi! Juzi kaenda kuogelea Fumba, karudi kaungua mgongo kama huu. Tangu jana namuuguza."

Halafu akageuka.

Akamtazama Dalal. Kanga aliyokuwa akiilowesha tena ikamdondoka ndooni.