Kadi Zinasema Rayhana Anaolewa na $jina

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya harusi ya Jumamosi, maana sina pengine pa kukimbilia. Mimi ni Mudathiru, nachapa kadi za harusi hapa Gisenyi, na za harusi yangu na Rayhana nilizitengeneza kwa skripti ili nisihangaike, $jina ndimo nilimohifadhi jina langu, nikaandika amri ya kuliweka penye neno BWANA, `sed 's/BWANA/$jina/' kadi.txt`, nikachapa mia mbili, nikazituma bila kusoma hata moja, na zote zimetoka "Rayhana anaolewa na $jina", mshauri, hata ya Rayhana mwenyewe. Siku ya posa, ambayo kwetu huja baada ya kadi, baba yake mkubwa, mzee Faradji, akasimama akasema, "Bon, huyu mutoto tulishamupatia mutu mwingine, kadi iko hapa," nasi tukacheka sana kwa kuwa ndivyo wazee wanavyotania siku hiyo, kumbe mwenzetu hatanii, anasema kadi zimeshafika hadi Cyanzarwe na ukoo hauwezi kujikana, kwa hiyo nikaenda ofisi ya usajili kuomba niitwe $jina, karani akanitazama akasema, "We ni wa pili leo," wa kwanza ni Shema wa pikipiki, na huyo ameshashona suti. Nifanye nini?

Mudathiru

Mudathiru, pole, ila umejitakia. Ukiifunga amri kwa nukuu moja moja, shell, yaani programu inayosoma amri zako, haitazami kilichomo ndani ya $jina, inaipitisha ilivyo. Tumia nukuu mbili mbili: `sed "s|BWANA|$jina|" kadi.txt`. Hiyo mistari ya wima nimeiweka makusudi, maana nakujua, kesho utataka kubadilisha na tarehe, na mikwaju ya 14/6 itaivuruga amri yako. Kisha chapa moja tu, uisome mpaka mwisho. Fundi gani anatoa kadi mia mbili bila kujaribu moja?

Hiyo mpya mpelekee mzee Faradji wewe mwenyewe, useme kosa ni lako. Anachotaka ni kadi ya kushika mbele ya watu, mpe. Shema mwambie suti ni nzuri, aje nayo kama mgeni.

Sasa lililoniudhi. Barua nzima hukusema Rayhana anataka nini. Amepokea kadi ya harusi yake kama mgeni yeyote, ina bwana asiyekuwepo, na wewe hukwenda kwake, ulikwenda kwa karani! Nenda leo. Usimchapie chochote. Mtajie jina lako kwa mdomo wako, umuulize kama bado analitaka.