Dumu la Njano Katika Kambi Isiyo na Plastiki

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Povu (jina la kitambulisho limo ndani ya jalada, ameomba aandikwe kwa jina analoitikia)
Umri: Miaka 57
Kazi: Dobi
Makazi: Ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri, mtaa wa nyuma ya stesheni
Kuhusu: Kupotea baharini kwa hema namba tatu

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa sababu mhudumu wa hema letu yuko mahabusu tangu jana kwa kosa la kukata kamba za hema la mwajiri wake. Kamba hizo nilizikata mimi. Naomba hilo liandikwe mwanzo kabisa, kabla sijasimulia mengine, ili hata msomaji mvivu alikute.

Mnamo Ijumaa tarehe 14 ya mwezi huu, alasiri, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tulifika kwenye kambi ya mahema iliyoko juu ya majabali ya pwani. Safari ilikuwa zawadi ya binti yangu. Alisema tumechoka na tunagombana sana, twende tukapumzike mahali penye hewa. Hatugombani. Tunataniana, na sauti zetu ni kubwa.

Kambi hiyo ni ya kifahari na inajiita rafiki wa mazingira. Hema lina kitanda cha mbao chenye shuka nyeupe kuliko zangu, taa ya jua, na choo ambacho ukimaliza unamwagia vumbi la mbao. Mahema hayakupigiliwa vigingi kwa sababu ni mwiko kutoboa jabali. Yamefungwa kwa kamba ndefu kwenye mawe makubwa, basi.

Getini mizigo inapekuliwa. Plastiki haiingii, hata kitana. Mimi nilikuwa na dumu langu la njano la lita kumi, nimelifunga ndani ya shuka katikati ya nguo. Ndiyo, nililificha. Mimi ni dobi, sendi mahali bila maji yangu, na niliambiwa kule mgeni anapewa ndoo moja ya kuoga. Wifi alinicheka njia nzima. Alisema, "Wifi, wewe hata peponi utafika na dumu kichwani."

Tulipokelewa na mwenye kambi. Wafanyakazi wake wanamwita Bwana Mazingira akiwa hayupo. Alituzungusha akituonyesha kila kitu, na juu ya ngazi zinazoshuka baharini alitusimamisha mbele ya nguzo yenye boya la kuokolea watu. Boya lilikuwa limesukwa kwa majani, limetiwa nakshi, limefungwa utepe wa katani. Alisema, "Zamani tulikuwa na lile la plastiki, baya, linaharibu picha. Hili limesukwa kwa mkono. Likichoka linarudi udongoni." Wageni walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana lilikuwa zuri kweli.

Kisha alimpiga wifi picha mbele ya hema letu. Wifi ana mwanya mpana kati ya meno ya juu, anaujivunia tangu usichana wake, na Bwana Mazingira alimwomba acheke vizuri uonekane. Alisema picha ile ataitumia kwenye tangazo. Wifi alilala siku ile akijiona mwanamitindo.

Jumamosi tarehe 15, saa moja na nusu asubuhi, maji yalikuwa yamekupwa. Wifi aliniaga kwamba anashuka kunawa miguu kwenye vidimbwi vya mawe chini ya ngazi. Hakwenda kuogelea. Wifi hajui kuogelea, na alikuwa amevaa gauni na saa ya mkononi. Nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya mbao mbele ya hema, napaka mkate siagi, namwona vizuri. Wimbi lilikuja la kwanza likamlowesha magoti, akacheka akaniangalia kama nimeona. La pili lilimbeba.

Nilishuka ngazi nikipiga kelele na kisu cha mkate bado kiko mkononi. Alikuwa kwenye mfereji kati ya majabali mawili, maji yanamvuta nje na kumrudisha, anashika mwamba na mwamba umejaa chaza wanaokata kama wembe. Nilikimbilia boya, nikalitoa kwenye nguzo, nikalirusha. Utepe ule ulikuwa umefungwa kama wa zawadi, ukafunguka ukabaki mkononi mwangu. Boya lilielea kidogo. Wifi alilifikia, akalikumbatia, na likazama naye kama mkate kwenye chai. Aliibuka, boya halikuibuka.

Afande, nimeulizwa kwa nini sikuita msaada. Niliita. Simu zetu zilichukuliwa getini zikatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, eti tupumzishe akili. Akili yangu ilikuwa imepumzika vya kutosha.

Nilipanda hemani. Nilitoa dumu, nikamwaga maji nikaacha kidogo ili lirushike, nikakaza kifuniko. Kamba ikawa hakuna ila zile za hema. Nikaanza kuikata ya kwanza kwa kile kisu cha mkate. Wakati huo mhudumu, mwanamume wa makamo, alikuwa anapanda na sinia la chai yetu. Alisema, "Mama, hiyo ndiyo inayoshika hema!" Nikamwambia, "Najua. Wifi yangu yuko majini." Aliweka sinia chini taratibu, bila kumwaga hata tone, kisha akaniambia kamba moja haitafika. Kwa hiyo nikakata ya pili. Kukata nilikata mimi. Yeye alifunga fundo.

Hema liliruka. Upepo wa pale hauna simile. Nilisikia turubai likipiga juu ya vichwa vyetu, kisha kimya, na mhudumu hakugeuka kulitazama, wala mimi. Tulikuwa tunashuka ngazi.

Nilirusha mara ya kwanza likapita mbali. Mara ya pili lilimpiga begani. Nilimwona anajaribu kulishika na vidole vinateleza, maana viganja vyote viwili vilikuwa vimechanika, maji yamegeuka mekundu pale alipo. Nilimwambia neno ambalo sitaki liandikwe. Nilimtukana ili akasirike, kwa sababu wifi akikasirika hafi. Alilikumbatia dumu kwa viwiko, akafungua mdomo, akang'ata kishikio. Akafumba macho. Sisi tukavuta.

Sijawahi kuvuta kitu kwa nguvu vile. Nimezika mume na nilisimama wima, lakini pale nilikuwa nalia kwa sauti huku navuta, na mhudumu analia pia, sijui kwa nini, wifi si ndugu yake. Alipofika kwenye mawe alikuwa bado ameng'ata. Ilibidi nimbane mashavu ndipo aachie. Alitapika maji, akakohoa, akaniangalia. Alisema, "Dumu lako linanuka sabuni." Hapo ndipo nilipokaa.

Bwana Mazingira alifika baadaye kidogo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Hema liko wapi?" La pili, akiangalia lile dumu: "Nani ameingiza plastiki humu?" Wifi amelala juu ya mawe, damu zinamtoka mikononi. Nilimjibu kwamba plastiki nimeingiza mimi, na kama anataka kuitupa aanze na mimi. Akamgeukia mhudumu akamwambia, "Tutaonana." Ni mhudumu huyo huyo aliyembeba wifi mgongoni hadi kwenye gari la kambi.

Wifi amelazwa. Ubavu mmoja umevunjika, kifua kinamsumbua, na viganja vimeshonwa. Daktari amemkataza kuongea kwa sasa, jambo ambalo kwake ni adhabu. Jana jioni mke wa mhudumu alinifuata wodini akaniambia mumewe amekamatwa. Alikuwa ananiomba radhi kwa kunisumbua. Mumewe ameniokolea mtu, na yeye ananiomba radhi. Sikulala.

Nimesomewa malalamiko ya mwenye kambi. Anasema wifi alikuwa anaogelea kwa raha zake na alitoka majini mwenyewe, hakuwa hatarini. Anasema mhudumu alikata kamba kwa kisirani kwa sababu alinyimwa likizo. Anasema boya lake ni zima na kwamba mimi nimelificha. Boya lake liko chini ya bahari, linarudi udongoni kama alivyoahidi.

Jibu langu ni hili. Huyu bwana si mjinga, anajua tukisema ukweli wageni watauliza boya lile nani alilijaribu majini kabla ya kulitundika. Nadhani hakuna. Lilijaribiwa kwenye picha. Ndiyo maana anatafuta mtu wa kubebesha lawama, na amemchagua asiye na wa kumtetea. Amekosea. Ana mimi.

Nimeulizwa kama najutia kukata kamba za hema. Hapana. Hata mngelirudisha leo na kulifunga upya, wifi akiwa majini, ningezikata, na safari hii ningeanza na ya karibu. Nimeulizwa pia kama nilijua kuingiza plastiki ni kuvunja sheria za kambi. Nilijua. Nami napenda bahari iwe safi, nafua nguo kila siku, najua uchafu ni nini kuliko wengi. Lakini bahari safi yenye wifi yangu ndani yake siitaki.

Nimeliacha dumu mezani pa afande. Tazameni kishikio. Si mimi niliyekitafuna. Mtu anayeogelea kwa raha hang'ati plastiki hadi meno yaingie.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa yote kwa lugha ninayoielewa. Nimemrekebisha afande mahali pamoja, alipoandika kwamba kamba tulikata, nikamwambia aandike nilikata. Amefuta, ameandika.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika leo Jumatatu tarehe 17, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Shahidi ametoa maelezo kwa hiari, kwa sauti ya juu.

Nimekagua kielelezo, yaani dumu moja la njano lenye harufu ya sabuni. Kwenye kishikio kuna alama za meno, juu na chini, zimeingia ndani ya plastiki. Safu ya juu ina nafasi wazi katikati. Mlalamikaji ndiye aliyeleta kituoni picha ya hema namba tatu ili kuonyesha uzuri wake kabla halijapotea. Mbele ya hema hilo amesimama mwanamke anacheka. Nimeweka picha na dumu mezani kwa pamoja na kumwita mlalamikaji atazame. Ameomba kurudishiwa picha yake, nimemjulisha kwamba sasa nayo ni kielelezo.

Mhudumu ametolewa mahabusu saa nne na robo. Shahidi alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi akimsubiri, na amekataa kuondoka bila dumu. Nimemweleza kwamba litabaki kituoni hadi shauri liishe. Amekubali, kwa sharti kwamba tusilitilie mafuta.

Sahihi ya afisa: (imewekwa)