Mama Kelele na Jerikeni Tupu

Mama Arnold,

Leo asubuhi mjinga nilikuwa mimi, nakubali. Maharagwe yako jikoni, yaongeze maji. Ukitoka, ufunguo mwachie jirani Rashidah.

Wanawake wa bombani walikucheka wakikuita Mama Kelele, kama yule mama wa katuni zangu. Ulirudi na jerikeni tupu, unalia, nami nikashika penseli nikuchore ukilia. Mkono ulitangulia akili. Lakini tangu niache kazi ya kiwanda tunakula kwa vijitabu hivi vya fotokopi, na watu wanamtaka huyo mama tu. Hata Afande Ojok, yule polisi mteja wangu, humngoja kuliko mshahara!

Nakwenda Mbale kuuza toleo jipya kule mtaa wa Nkoma. ~~Ukurasa wa mwisho ni wewe na jerikeni, usikasirike.~~ Ukurasa wa mwisho nimeutoa. Uko chini ya sahani, uchane ukitaka. Ila niambie, nikimwacha Mama Kelele, nichore nini?

Baba Arnold


Baba Arnold,

Chora baba anayerudi kutoka Mbale na kukuta nyumba kimya, mke ameondoka. Ufunguo nimemwachia Rashidah, kama ulivyosema.

Mama Arnold