Arubaini ya Kambini

Mama yangu,

Shikamoo. Nakushika miguu kwa mbali, nikiwa huku Lindi kwenye shamba la mkonge. Kifua chako kimetulia? Shangazi bado anakwenda kisimani mwenyewe? Sisi wazima, na tumeongezeka: nimejifungua mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Usipige vigelegele kwanza. Nikwambie nilivyozaa.

Uchungu ulinishika asubuhi, mkweo Selemani ameshakwenda kukata mkonge. Vyumba vyetu vya kambini viko mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, lakini watu wametoka kila upande, hawajuani. Nikawa nazunguka chumbani, naona haya kupiga kelele. Nikakuwazeni nyinyi. Pale Kivinje alipozaa dada, maji ya moto yalifika hata hujaita mtu. Wanawake walijaa uani, huyu anapika uji, huyu anafua, na arubaini nzima dada hakushika ufagio. Mimi nikasema, leo nafia hapa na hakuna atakayejua.

Mara hodi.

"We binti, fungua. Nasikia unavyotembea."

Ni Mama Lusia, mjane wa Kimakonde wa chumba cha pili, aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Sikuwahi hata kumwamkia, mama.

"Una mama hapa?" akaniuliza.

"Sina."

"Basi leo mimi."

Nyapara akaja kumfokea arudi kupalilia. Akamjibu palepale mlangoni, "Kapalilie wewe. Hapa mtu anazaa." Adhuhuri mtoto akalia. Jioni Mama Lusia akafukuzwa kazi, na chumbani akaambiwa atoke.

Selemani akasema tumwombee dua. Nikamwambia dua tutamwombea akiwa humu ndani. Akanuna, halafu mwenyewe akahamishia mkeka wake barazani, na Mama Lusia analala na mimi na mtoto. Ananikanda, ananipikia uji, ananigombeza nikitaka kuinuka. Lakini mimi situlii. Nikisikia viatu vya nyapara naubana mlango, asije akamwona Mama Lusia. Nikimwangalia mtoto najiuliza, huyu akiugua, nitamwita nani siku Mama Lusia hayupo?

Kwa hiyo nimeamua. Arubaini ikiisha narudi Kivinje, na Mama Lusia nakuja naye. Selemani amesema atatufuata akimaliza mkataba wake. Watu wakikuuliza huyo ni nani, sema ni mama yangu wa pili, wala usieleze zaidi.

Nisalimie shangazi, dada na wanawe, na bibi mkunga aliyenipokea mimi. Mjomba mwambie mjukuu kafanana naye masikio.

Neno moja linaninyima usingizi. Msafiri mmoja wa huko kaniambia siku hizi hata Kivinje mzazi hutembelewa na ndugu zake tu, majirani hupita njia. Kama ni uongo, nijulishe upesi. Kama ni kweli, nyamaza tu, mama, utandike mikeka uani. Hao majirani tutakuja kuwaita sisi.

Mwanao asiyetulia,
Zuhura