Gari Iliyokuja Kimya

Aabo,

Baba yangu, gari yako inanguruma tena. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeniuliza habari ya gari kabla hujaniuliza habari yangu. Mimi mzima. Mama pia mzima, ila amekonda kidogo, na asubuhi bado anamimina chai yako, kisha anakumbuka, anainywa yeye akijifanya ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Nami najifanya sijaona.

Tangu tukuzike, usukani ni wangu. Baba wadogo walikuja nyumbani na kikao chao, wakasema msichana hataiweza njia ya Garbatulla, afadhali pikapu ipewe dereva au iuzwe. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawaongezea chai, halafu akawaambia maziwa hayawezi kungoja wamalize kuzungumza. Unamjua. Mmeru aliyekaa miaka yote hiyo sokoni Isiolo akiuza maziwa ya ngamia, na wateja Wasomali wakamkubali, huyo hatishwi na kikao. Basi natoka alfajiri kama ulivyokuwa ukitoka, naokota jerikeni za maziwa za akina mama wafugaji njiani, nageuka kabla jua halijakuwa kali. Baba wadogo wanangoja nishindwe. Wamesema wazi kwamba maziwa yakianza kumharibikia Mama, gari inauzwa, na safari hii hawataitisha kikao.

Sasa ekzosi. Ilikatika kwenye ile laga ya mawe, mto mkavu unaoujua, ikaning'inia, ikawa inakwaruza barabara hadi nikaifunga na waya. Nikafika mjini na kelele ya kuamsha wafu, nisamehe kwa kusema hivyo. Na hapo ndipo nilipokuwa na uamuzi wa kufanya: nilale chini ya gari mwenyewe, au niipeleke gereji nilipe watu wa kazi.

Wewe hukuwahi kumlipa mtu akufungie ekzosi. Mtaa mzima ulikuwa ukikucheka kwamba mkono wako mgumu, na ulikuwa ukijibu jambo moja tu: "Fundi atalala kwake leo. Sisi tunaweza kulala porini." Ulitaka kila nati uliyokwenda nayo mbali uwe umeikaza wewe, ili ikilegea ujue pa kuanzia. Nilikuwa nakupenda kwa hilo hata ulipokuwa unatuudhi, ukiingia sebuleni na kutu kwenye ndevu, Mama akikufukuza urudi nje ukajipanguse.

Lakini mimi nilikuwa nimechoka, Aabo. Nilikuwa nimefiwa, na nilitaka mtu mwingine alale kwenye vumbi. Nikaipeleka gereji.

Na sitamsingizia yule fundi. Alifanya kazi safi kabisa. Alikata bomba lote bovu, akaweka sailensa mpya, kubwa, nono, akachomelea viungo vyake hadi huwezi kuona pa kuingiza ukucha, akaifunga kwa nati mpya. Alipowasha, gari ikanyamaza. Nikasikia redio ambayo sikujua kama inafanya kazi. Mama akapanda, tukazunguka naye mjini tukizungumza kwa sauti ya kawaida, akasema angalijua gari inaweza kuwa hivi angalikulazimisha zamani. Tukacheka wote wawili.

Kesho yake nikaenda kuchukua maziwa. Kituo cha kwanza, hakuna mtu. Cha pili, hakuna mtu. Nikapiga honi. Nani anajali honi njia ile, ambako kila lori linapigia mbuzi honi kutwa nzima? Simu nazo, network ya huko unaijua. Nikasimama juani nikidhani labda wamehama, au wamesikia ni mimi naendesha wakaamua kuniacha. Hilo la pili liliniuma. Akina mama walifika nikiwa nimeshakata tamaa, wanakimbia, jerikeni mgongoni, na hasira. Mmoja akaiangalia gari juu na chini akaniambia, "Hii gari yako imekuwa mwizi. Inakuja kimya."

Nilicheka. Sikuelewa. Nilipofika sokoni maziwa ya nusu ya jerikeni yalikuwa yameshaanza kuchachuka, na Mama akayauza kwa aibu kwa watu waliozoea mazuri. Safari iliyofuata ikawa vile vile, na mbaya zaidi, kwa sababu wengine walikuwa wameshampa maziwa mtu mwingine anayepita na pikapu yake. Nilirudi na gari karibu tupu. Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni kwa Mama, akitazama nyuma ya gari.

Siku hiyo nilikukumbuka mpaka nikakukasirikia. Kwa nini hukuniambia? Maana hapo ndipo ilinijia ile siku uliyofunga ekzosi yako ya mwisho. Ulimpeleka Mama mbali kule nje ya mji, peke yake kwenye uwanda, ukampa kazi ya kusimama tu. Akisikia gari apunge leso. Ukaondoka, ukapanda mwinuko, ukarudi, ukaingia chini ya gari ukabadilisha kitu, ukaondoka tena. Mama alirudi nyumbani na jua kichwani, akatuambia ujana umekurudia, unataka gari ya kupigia wasichana kelele. Tulikutania wiki nzima. Ulikuwa unatabasamu tu na kunywa chai yako.

Haukuwa ujana. Ulikuwa unatafuta sauti ambayo mwanamke aliye bomani, mbali na barabara, anaisikia ukiwa bado kwenye mwinuko, akapata muda wa kufunga jerikeni, kuibeba na kutembea. Ili maziwa yasikae juani hata kidogo. Ile ekzosi ndiyo ilikuwa saa yao. Aabo, mtu anawezaje kufanya jambo zuri hivyo na asilitaje? Watu walikuita bahili na ukawaacha.

Nikaamua kuifunga mwenyewe. Kwenye duka la spea yule kijana aliniuliza nataka sailensa ya aina gani, na mimi jina sina, nina sauti tu. Nikamwigizia kwa mdomo. Wallahi nilisimama pale kaunta nikinguruma, watu wananiangalia, naye akaniletea moja, nikasema hapana, ya chini zaidi, nikanguruma tena. Mwishowe akaleta ile fupi nyembamba, ambayo moshi unapita moja kwa moja bila kuzungushwa ndani. Nikajua ndiyo.

Nilitandika gunia, nikaingia chini. Nati za gereji zilikuwa mpya, hizo hazikunisumbua. Zile za mbele, zako, zilikuwa zimeshikana na kutu, na nilizilowesha oili nikazingoja, nikazilowesha tena, moja ikakatika hata hivyo. Nililia kidogo kwa ile moja. Si kwa sababu ya nati. Kisha nikafanya kosa ambalo najua ungelicheka: nilikaza kila kiungo nilipokifikia, kuanzia nyuma, na nilipomaliza bomba likawa limepinda, linagonga chesisi kila gari ikitikisika. Hapo nikasikia sauti yako, ile uliyokuwa ukitoa ukiwa chini huku miguu tu ndiyo inaonekana: "Ning'iniza yote kwanza. Kukaza ni baadaye." Nikalegeza yote. Nikaning'iniza kwenye raba zake, nikalisukuma likae katikati, halafu nikakaza kutoka upande wa injini kwenda nyuma. Likakaa.

Ukaguzi wako pia sikuusahau. Nililowesha kitambaa, nikakibana kwenye mdomo wa bomba gari ikiunguruma, nikasikiliza kama kuna mahali moshi unatoroka. Palikuwepo. Kiungo kimoja, chini kabisa ya kiti cha dereva, kinapiga mluzi mwembamba. Hicho sikuthubutu kukichezea, kwa sababu moshi ukiingia ndani unalala usingizi njiani usijue, na kuchomelea si kazi yangu. Nilirudi kwa yule fundi wa gereji. Alipoona nimetoa kazi yake nzuri alinuna, haki yake. Nikamweleza habari ya akina mama na maziwa. Akavaa miwani yake, akachomelea kile kiungo, kisha akaniomba niwashe na kuondoka kidogo, yeye abaki amesimama palepale asikilize.

Kesho yake kituo cha kwanza walikuwa wamesimama barabarani. Cha pili vile vile. Yule aliyeniita mwizi alinipa jerikeni yake, halafu akaipiga gari kofi ubavuni, kama anavyompiga ngamia anayempenda. Waliompa yule mwingine maziwa wamerudi, si wote, ila wengi. Mama aliuza yote kabla ya adhuhuri. Baba mdogo ameacha kukaa mlangoni.

Lakini Aabo, ninaandika kwa sababu ya Ayo Dabo.

Yule mama mzee wa kituo cha mwisho kabla ya Garbatulla. Alikuwa amefuata ngamia mbali kwenye malisho kabla hujaugua, na wamerudi wiki hii. Hakuna aliyemwambia. Aliisikia gari ikipanda, akatoka mbele ya wasichana wake, kikombe cha maziwa kimefunikwa kwa ncha ya shuka, na macho yake sasa hayaoni vizuri. Akaja moja kwa moja kwenye mlango wa dereva akigomba, kwamba umepotea wapi, kwamba mtu mzima hatoroki hivyo, kwamba maziwa haya ni yako uyanywe kabla ya yote. Alikuwa amefurahi mno. Nikazima injini.

Nilimwambia kwa Kiborana changu kibovu. Sikujua neno la upole, nikatumia lile ninalolijua. Akaweka mkono juu ya boneti akasimama hivyo, na wasichana wote wakasimama. Nilidhani atalia. Akasema, "Washa tena."

Nikawasha. Alisikiliza kichwa kimeinama, muda mrefu, na mimi sikugusa kitu. Halafu akauliza ni nani aliyeifunga. Nikasema ni mimi, binti yake. Akanyoosha mkono akaupapasa mkono wangu hadi akapata vidole, na kutu ambayo haijatoka kwenye kucha. Ndipo akanipa kikombe. Nilikunywa chote mbele yake.

Basi Aabo, Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, akupumzishe mgongo wako uliokuwa chini ya magari. Siku ekzosi hii ikikatika, na itakatika, nitatandika gunia nilale mimi mwenyewe. Muda wote ambao Ayo Dabo ana masikio, nitahakikisha ana kitu cha kusikia.

Binti yako,
Habiba