Mlango Usiotaka Kufunga

Jumatatu, 7 Desemba
Siku ya jina la Profesa Ambrus, yaani sikukuu ya somo wake. Maabara nzima tumekula keki na kunywa palinka, ile pombe kali ya huku, ya plamu, kazi ya baba mkwe wake. Imegandishwa! Nani hapa Szeged anagandisha palinka? Zsombor, mwenzangu wa meza, kaninong'oneza kwamba bila ubaridi ile haimezeki. Nimecheka mpaka imenitokea puani.

Jumanne, 8 Desemba
Mungu wangu! Nimenasa kipande cha seli ya kongosho la panya kwenye ncha ya kioo, nikamwagia ATP. Hiyo ndiyo nguvu ya seli: ikiwa tele, milango ya potasiamu kwenye utando wa seli hufunga, insulini ikatoka. Siku zote hufunga. Leo — wapi! Wazi tu. Nikabadilisha seli. Vilevile.
Miaka mitano nahangaikia shahada hii, sina tokeo hata moja la maana. Mama kila simu ananiuliza namaliza lini. Namaliza sasa, Mama!

Jumatano, 9 Desemba
Profesa kaona mistari kwenye skrini, kanikumbatia. Eti binti yangu, umegundua mlango mpya! Kawapigia wenzake wa chuo cha Pécs, wanakuja Ijumaa. Zsombor kauliza kama ATP yangu ni nzima. Wivu huo. Nimemwambia haijatoka kwenye friza, aniache.

Alhamisi, 10 Desemba
Nimekwisha.
Profesa kaja na chupa nyingine, ya wageni. Friza imejaa. Akatoa kiboksi changu cha ATP, akakiweka juu ya kipasha joto — moto ule! — akaingiza chupa. Nikapiga yowe. Akasema, "Tulia, binti. Wiki iliyopita kilikaa hapohapo, Ijumaa mpaka Jumatatu, kupisha chupa ile ya kwanza, nikakirudisha. Kimeharibika nini? Si umegundua mlango?"
Akaondoka akipiga mluzi.
ATP huvunjikavunjika kwenye joto! Nilikuwa namwagia seli maji matupu.
Nimetengeneza nyingine. Mlango umefunga papo hapo, kwa adabu zake zote. Zsombor kaona. Hakucheka, na hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 11 Desemba — chooni
Tangu asubuhi namfuata Profesa nimweleze. "Baadaye, binti, baadaye!" Wageni wamejaa, na tai zao. Mlango kaupa jina langu. Mlango wa Boróka! Sasa wanataka kuuona kwa macho yao, niende na ATP yangu.
Ninazo zote mbili. Mfuko wa kushoto ile iliyokufa: shahada, keki, Mama anaringia majirani. Wa kulia ile mpya, na barafu yake inayeyuka, koti limelowa mpaka ndani. Nikizidi kukaa humu hata hii itakufa.
Profesa anabisha. "Boróka! Palinka inapata moto!"
Zsombor naye yuko nje, anasema polepole, dada, toka tu, mimi nitasimama na wewe.
Naja, Profesa! Nina jambo kuhusu hiyo chupa —
Mkono umeshaingia mfuko wa kulia. Baridi hiyo! Nafungua mlango.